Maji Yanazunguka Tu

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza kusimulia sitaki mtu anikatishe, na aibu yenyewe bado mbichi, nikipita pale gengeni najua kabisa kuna watu wananiangalia halafu wanaangaliana. Mie ndiye yule dada wa Kimara aliyewaita majirani na ndoo zao waje kutazama maji wasiyoweza kuyachota. (Sikuwaita. Ila ukiwauliza wao, niliwaita.)

Nianze na kompyuta. Kazi yangu ni kuhariri video, za harusi, za vipaimara, na safari hii nikajitwisha ya kwaya yetu, maana na mie naimba humohumo, sauti ya pili. Uzinduzi ulikuwa Jumapili. Sare zimeshonwa, kwaya ya wageni kutoka Boko imealikwa, na mwenyekiti wetu Mama Kulwa, ambaye ndiye anayeimba ile sehemu ya peke yake na ambaye pia ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, alikuwa amealika ukoo mzima mpaka wale asiosalimiana nao. Kila asubuhi ananigongea dirisha, "Rehema mdogo wangu, nimetoka vizuri?" Namjibu umetoka vizuri sana dada, bado kuimalizia tu.

Sasa niimalizie vipi, wakati siku chache kabla ya uzinduzi kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe kwa joto? Niliinunua kwa mtu, na ni ya zile zinazopozwa kwa maji: ndani kuna mipira, maji yanapita juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta kama ya gari, halafu yanarudi yalikotoka. Kinachoyasukuma ni kipampu kidogo, na kipampu ndicho kilichokufa.

Basi nikaanza kutafuta pampu, na toka hapo sikuelewa tena kitu. Nikisoma huku naambiwa angalia inasukuma lita ngapi kwa saa. Nikisoma kule naambiwa hapana, angalia inapandisha maji mita ngapi. Inapandisha kwenda wapi? Kompyuta iko mezani! Nikaona niulize watu, na sie wa Kimara huku mlimani mnatujua, kwa mgao huu wa maji kila mtu ni profesa wa pampu, mmoja anasema chukua yenye nguvu, ndogo utajitesa, mwingine anasema yenye nguvu itakumalizia umeme, na nikiwaambia ni ya kompyuta wanacheka kwanza, halafu wananiuliza tena tangi langu ni la lita ngapi. Kwenye duka moja vijana walicheka mpaka wakaitana kutoka stoo waje kunitazama.

Kwa hiyo Ijumaa nilipofika Vingunguti, kwenye duka la vifaa vya maji la Mzee Salim, nilikuwa nimeshachoka kuchekwa. Nilipelekwa na Side, bodaboda wa kijiwe chetu, naye akasimama palepale mlangoni kunisubiri. Mzee Salim ni Mwarabu wa siku nyingi, babu yake aliuza mabomba, baba yake aliuza mabomba, na yeye hauzi kitu kabla hujaketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Kaa kwanza, upate kahawa."

Kahawa ikaja, na kashata. Akaniacha nimeze funda moja, ndipo akauliza kwa upole, "Haya, pampu ya nini?"

Swali lilikuwa jepesi, jamani. Lakini nikamwangalia yule mzee na kanzu yake safi na heshima yote ile, nikawaza nikisema kompyuta na huyu naye atacheka, na kahawa yake bado iko mdomoni mwangu. Nikasema, "Ya nyumbani, mzee."

"Ya kupandisha tangini?"

"Eeh, tangini." (Tangi lipi? Mie mpangaji. Tangi ni la mwenye nyumba na humo ndani wanaishi mijusi.)

Akafurahi kweli. Akaninyanyulia kapampu kadogo kanakoingia kiganjani, volti kumi na mbili kama kile changu kilichokufa. "Hii watu wanafungia sola. Usiidharau kwa umbo, inapeleka maji mpaka ghorofa ya nne." Na mie kwa akili yangu, nikaona kama ghorofa ya nne inafika, kuzungusha maji mezani itakuwa kama kucheza. Nilitamani kuuliza kama nguvu ikizidi kuna shida, ila ningeulizaje bila kujiumbua? Nikamaliza kashata.

Side alikuwa amesikia kila neno. Tunakata Tabata akanigeuzia kichwa, "Sista, kumbe maji yapo kwenye bomba, ishu ni nguvu ya kuvuta tu?" Nikamjibu eeh, ili atazame barabara. Kumbukeni mtaani kwetu bomba lilikuwa halijatoa hata tone toka wiki iliyopita, watu wananunua maji ya mkokoteni na kuogea kikombe. Mie nilikuwa nawaza mipira yangu, sikujua nimesema nini.

Jumamosi asubuhi nimekaa chini sebuleni, kompyuta imefunguliwa ubavu, nimeshachomeka mipira kwenye pampu na kujaza maji safi ya dukani. Nikasikia ndoo zinagongana nje. Nikadhani mkokoteni umefika. Kuchungulia dirishani, mstari! Ndoo, madumu, mabeseni, umeanzia mlangoni kwangu umefika mpaka getini, na mbele kabisa Mama Kulwa na ndoo mbili, kichwani amesukwa upya kwa ajili ya Jumapili, nywele zinang'aa mafuta.

"Hodi! Rehema, Mungu akubariki mdogo wangu, Side katuambia umetununulia pampu."

Nikafungua mlango nimwambie amekosea, lakini akawa ameshaingia na wengine watatu nyuma yake, na waliobaki wamejaza dirisha. Wote wakaitazama kompyuta.

"Ndo hiyo pampu?"

"Ndiyo, dada, lakini..."

"Sasa maji yanatokea wapi?"

"Hayatokei. Yamo humo humo."

"Yanaenda wapi?"

"Hayaendi, dada. Yanazunguka."

Mama Kulwa akaweka ndoo chini taratibu. "Yanazunguka yanafanya nini?"

Jamani, nilisoma siku nzima mambo ya pampu, na hilo swali moja sikuweza kulijibu kiasi cha kumridhisha mtu mwenye ndoo mbili tupu. Nikasema yanapoza. Dirishani mtu akauliza yanapoza nini, mwingine akajibu soda. Mama Kulwa akasema, "Hebu washa tuone." Na mie, badala ya kusema hapana, nikaona labda wakiona wataelewa, nikawasha.

Ikanguruma kama cherehani bovu. Maji yakapita kwenye mipira, mazuri kweli, yanametameta, na watu wakapiga makofi, nikaanza hata kutabasamu. Halafu mpira wa juu ukavimba. Nikaushika. Mpira ukachomoka mkononi mwangu na ile nguvu ya ghorofa ya nne ikaenda yote moja kwa moja kwenye nywele za Mama Kulwa, ikateremka usoni, ikarudi kwenye kompyuta, ikageukia dirishani, na katika zile kelele zote kuna mtu alipiga ukelele, "Msiache yamwagike!" na ndoo tatu zikaingizwa kwa pamoja kukinga.

Nikachomoa waya. Kompyuta ilikuwa inadondosha matone. Mama Kulwa hakunitukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alijifuta uso kwa khanga, akauliza kwa sauti ndogo, "Na video yangu?"

Video ilikuwa kwenye diski ya pembeni, salama, ila haijakamilika, na hapakuwa na mashine ya kuimalizia. Nilimweleza nikilia. Akabeba ndoo zake akaondoka.

Jumapili kanisa limejaa, kitambaa cheupe kimetandazwa ukutani, ukoo wa Mama Kulwa wamekaa safu nzima. Mchungaji akasema sasa tuitazame video. Mama Kulwa akasimama, nywele zote ndani ya kilemba, akasema, "Video ipo, mchungaji. Imelowa." Na kule nyuma jirani mmoja asiye na haya akamalizia, "Inazunguka tu!" Kanisa lote likaangua kicheko, wageni wa Boko wanauliza kuna nini, wanasimuliwa, wanacheka upya. Tukaimba hivyohivyo, bila video, na Mama Kulwa akaimba sehemu yake mbele ya ukoo wake vizuri kuliko alivyowahi kuimba, nami nyuma yake machozi yananitoka. Mama mmoja wa Boko akaja kunishika bega akidhani nimeguswa na Roho. Sikumkatalia.

Video niliimalizia baadaye kwenye kompyuta ya rafiki, yenye feni, na Mama Kulwa ametoka vizuri. Bado ananiita Rehema wa Kuzunguka. Mficha uchi hazai, na mie nilificha kompyuta, basi nimeapa: mtu akiniuliza kitu ni cha nini namwambia ni cha nini, acheke hadi achoke.

Nikaanzia palepale nilipodanganya. Nilirudi Vingunguti na ile pampu kwenye mfuko, nimejiandaa kusema yote. Mzee Salim akaniona kwa mbali, akaagiza kahawa kabla sijaamkia.

"Binti yangu! Vipi, maji yanapanda?"

"Yanapanda, mzee," nikasema. "Yalipanda mpaka kichwani kwa Mama Kulwa."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisogezea kikombe.

"Mama Kulwa anakaa ghorofa ya ngapi?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza toka mwanzo.