Betri ya Gari la Nne

Saa nne asubuhi mita ilisoma volti kumi na mbili pointi saba, yaani betri imejaa, nami nikashusha pumzi. Mzee Mulongo hakushusha yake. Alichomoa nyaya za mita, akazifuta kwenye suruali, akapima tena, na namba ikawa ileile.

"Inadanganya," akasema.

Huyo ndiye Mulongo. Miaka kumi na tisa katika yadi yetu hapa Industrial Area, hajawahi kuiamini namba inayomfurahisha. Mimi ni Mbinya, nakaa kwenye kiofisi cha mabati kando ya geti, natunza funguo na kupanga safari za wateja. Tuna magari saba ya kukodisha, yale yenye vitanda, jiko na friji ndani, ambayo watu huenda nayo mbali wakalala humohumo. Mwezi wa nne na wa tano, mvua ikinyesha, hakuna anayeyataka, basi yanalala uani chini ya maturubai. Gari likilala hivyo, ile betri ya ndani inayoendesha friji na taa hufa kimyakimya. Kazi ya Mulongo ilikuwa kuzuia kifo hicho.

Alichomoa waya wa hasi ili redio na saa zisiinyonye. Aliongeza maji ya betri ya chupa, na ole wako umletee ya mfereji. Kila Jumamosi alipima moja baada ya nyingine, akachaji iliyoshuka, akaandika namba kwa chaki kwenye ubao wa stoo. Na kila Jumamosi alituhubiria mahubiri yaleyale hadi nikayachoka: betri haiuawi na kazi, inauawa na kulazwa njaa. Itumie, lakini ikiisha ilishe siku hiyohiyo. Ukiiacha tupu inaganda ndani, na hata ukiichaji baadaye itajifanya imeshiba.

Mhubiri huyohuyo ndiye aliyeilaza njaa betri ya gari la nne siku kumi na moja.

Kaka yake mkubwa, Patrobas, alifariki mwezi wa tano. Watu wa kwao walikusanyika kila jioni kwenye ploti yao kule Mowlem kuimba na kuomba, na wiki hiyo transfoma ikaungua. Mulongo aliona ni aibu mtu aliyemsomesha aombolezwe gizani kama asiye na watu. Alhamisi alipita dirishani kwangu na gunia begani, ameinama upande mmoja kwa uzito. Nilimwona. Nikaangalia simu yangu.

Betri ile ikabeba taa, kinanda na spika ya kwaya hadi ikashindwa kuwasha hata balbu. Kesho yake mwili ukasafirishwa kwao Kimilili kuzikwa. Mulongo alidhani atarudi Jumatatu. Lakini Patrobas akishalala, yeye ndiye mkubwa wa boma, na kwao mkubwa haondoki kabla ya siku ya tatu, nywele zinyolewe na mambo ya marehemu yasemwe mbele ya watu. Yakasemwa, yakazua mengine, wiki ikaisha. Muda wote huo betri ilikuwa nyuma ya mlango wake Mowlem, tupu.

Na mimi? Aliniachia chaki, na bosi alikuwa safarini, asijue nani yupo yadini na nani hayupo. Jumamosi mbili nilipima magari sita kwa mkono wangu, na kwenye mstari wa gari la nne, ambalo halikuwa na betri kabisa, nikanakili namba ya zamani: kumi na mbili pointi saba. Nilijiambia namfichia rafiki. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Maana gari la nne ndilo nililokuwa nimempangia Bi Kawsar wa South C, mume wake na binti yao wa miaka minane. Walikuwa wanakwenda Turkana, wakae siku nne kando ya ziwa, injini imezimwa. Mtoto ana kisukari. Bi Kawsar alinipigia simu mara tatu kuuliza kitu kimoja tu, friji, kwa sababu insulini ya mwanawe ingekaa humo, na joto la kule halina huruma. Mara tatu nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Walikuwa wachukue gari saa nane. Mulongo alirudi akachaji betri siku mbili, na asubuhi ile, mita iliposoma vizuri, akaniomba ufunguo. Aliwasha friji na taa zote, akaketi kwenye ngazi ya gari, mita mapajani. Betri nzima, alisema, ingeshuka polepole sana hadi jioni.

Saa tano ilisoma kumi na mbili pointi mbili. Saa sita na nusu, kumi na moja pointi saba. Saa saba kasoro robo taa zikafifia, friji ikakohoa, ikanyamaza. Nilimwona mtoto yule ambaye sijawahi kumwona, na mama yake amefungua friji ya moto mahali pasipo duka la dawa.

Nikamwambia Mulongo achukue betri ya gari la pili, aweke hii huko. Gari la pili lilikuwa halitoki hadi wiki ijayo. Nani angejua?

"Mama Kiema," akaniita kwa jina la mwanangu, hakupandisha sauti, "na hilo la pili litabeba mtoto wa nani?"

Nilikasirika naye, nakiri, jinsi mtu anavyomkasirikia mwenye haki.

Bosi wetu, Mutisya, aliingia saa saba pamoja na wateja, waliofika mapema, anacheka, anamwonyesha mume wa Bi Kawsar matairi. Mulongo alimsimamisha palepale mbele yao. Alisema betri ya gari la nne ni mbovu, kwamba yeye aliitoa bila ruhusa, akaimaliza kwenye matanga ya kaka yake na kuiacha tupu. Akasema ataweka ya gari la pili, na hilo la pili lisitoke hadi linunuliwe betri mpya.

Bi Kawsar aliubana mkoba wa dawa kifuani. Mutisya alimtazama Mulongo, kisha akaenda stoo, nasi nyuma yake, akasimama mbele ya ubao.

"Hapa imeandikwa iko sawa, Jumamosi mbili. Nani ameandika?"

Mulongo angeweza kunitazama. Hakunitazama.

"Ubao ni kazi yangu," akasema.

Alifunga betri ya gari la pili kwa mikono yake, akaijaribu kwa friji nusu saa nzima huku Bi Kawsar amesimama juu yake, akampa mita yake ndogo na kumfundisha namba ya kuogopa. Walipoondoka alinawa mikono. Mutisya akamwambia aache overoli na asirudi. Kisha akanigeukia mimi, akaniwekea chaki kiganjani.

"Mbinya, kuanzia leo betri ni zako. Wewe angalau huandiki uongo."

Mulongo alikuwa getini. Alisikia. Akatikisa kichwa kidogo, akinikataza, kwa sababu anajua Kiema wangu yuko kidato cha nne na nalea peke yangu. Nilitaka kusema na sikusema, na hakuna siku nimejichukia kama ile.

Siku ya kumi Bi Kawsar alirudisha gari. Friji haikuzima hata mara moja. Aliuliza mzee yuko wapi, amemletea halua. Nilisema amehama.

Ile halua niliipeleka Mowlem mwenyewe. Mulongo aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nachomoa waya wa hasi, na kama magari mengine yamelala vizuri. La ubao hakulitaja.

Sasa kila Jumamosi napima yote saba, naandika ninachokiona, na Mutisya akipita hunisifu. Mstari wa gari la nne huwa nauandika mwisho.