Sentensi Zisizokuwa Zake

Mume wangu alifuga kuku Gitothua, pale Ruiru, kwenye sehemu ndogo iliyobaki nyuma ya nyumba yetu. Jioni, akishafunga banda na kunawa, alikaa mezani na simu yake akaandika. Hakuwa amesomea ufugaji. Alianza kuandika baada ya vifaranga wake wa kwanza kufa wote, kwa uchungu tu, ili mtu mwingine asirudie makosa yake. Rafiki yake wa msikitini akamtengenezea tovuti, na polepole watu wakaanza kumwandikia kutoka Embu, Kitale, hata Tabora: kuku ananyonyoka manyoya, nifanye nini? Alimjibu kila mmoja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Thika, na siku nyingi nilifika nyumbani nikamkuta ameinamia simu, nikamwambia chakula kinapoa, naye akasema, "Nimalizie tu huyu."

Alifariki ghafla, moyo. Nikaingia eda, na katika siku zile za kukaa ndani sikuwa na nguvu ya kushughulikia chochote chake. Simu, barua pepe na nywila ya tovuti nilimkabidhi shemeji yangu, mdogo wake, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu pale Kimbo. Nilimwambia aangalie tu watu wasikae bila majibu. Eda ilipoisha niliuza kuku waliobaki nikahamia Thika kwa mama mkwe, karibu na shule. Tovuti sikuifungua. Pale juu kabisa kulikuwa na picha yake amembeba jogoo kifuani kama mtoto mchanga, na mimi sikuwa tayari kuiona.

Ulipita muda mrefu. Siku moja nilikuwa chumba cha walimu nikisahihisha insha, simu ikalia. Namba yangu ilikuwa kwenye tovuti tangu zamani, kwa wanunuzi wa mayai wa upande wa Thika.

"Hapo ni kwa yule mzee wa kuku?" Sauti ya mwanamke, imekasirika.

"Ni kwake. Mimi ni mke wake."

"Basi mwambie dawa yake imemaliza kuku yangu."

Nilitoka nje kwenye veranda. "Mama, mzee alifariki. Na hakuwahi kuuza dawa."

Sauti yake ikabadilika kabisa. "Woi. Pole, mama. Pole sana, sikujua." Halafu, kama anayejiuliza mwenyewe: "Sasa ni nani aliniuzia?"

Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda kumwona kwake, mtaa wa Kiandutu, hapo Thika. Alinipokea barabarani, akaniongoza kwa miguu katikati ya vyumba vya kupanga hadi kwake. Alikuwa mwanamke wa rika langu, anayefulia watu nguo kwa siku, na kuku walikuwa ndiyo akiba yake. Nyuma ya chumba kulikuwa na kibanda cha mabaki ya mbao, kimefagiliwa safi, mlango wazi, hakuna kitu ndani. Alinipa kiti cha pekee, yeye akaketi kitandani, akanipa simu yake.

Mume wangu alinitazama kutoka kwenye kioo kilichopasuka, na jogoo wake. Niliteremsha ukurasa haraka hadi kwenye makala aliyonitajia mama yule. Niliyakumbuka. Yalihusu kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Aliandika: "Kideri haina dawa. Mtu akikuambia iko, huyo anataka mfuko yako. Chanja mapema, na chanjo ikae kwa barafu." Chini yake palikuwa na sentensi nyingine: "Hata hivyo, kwa tiba ya haraka na ya uhakika, wafugaji werevu huagiza dawa hii hapa." Maneno ya mwisho yalikuwa ya buluu. Ukiyagusa, yanakupeleka kwenye duka la mtandaoni ambalo halina anwani wala mwenyewe.

"Mimi nilishangaa," mama akasema. "Huku juu anasema haina dawa, huku chini anasema iko. Nikafikiri labda amegundua mpya. Mimi ningebishana na yeye? Huyo mzee alinisaidia wakati vifaranga zangu zilikuwa zinalalalala. Alinijibu siku hiyo hiyo, na hakutaka kitu."

"Dawa ilikuja?"

"Ilikuja. Unga tu, kwa karatasi."

Niliendelea kusoma nikiwa nimeketi pale. Kwenye makala ya chakula cha kuku wa mayai: "Kama vile kuku hutaga, bahati yako nayo yaweza kutaga leo," na linki ya kubashiri mechi. Kwenye makala ya kujenga banda, linki ya mikopo ya simu. Na baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kulikuwa na kurasa nzima ambazo hakuwahi kuandika, za kamari tupu, zimefichwa mahali ambapo msomaji wa kawaida hawezi kufika. Nilikaa pale kama mtu aliyekuta wageni wamevaa nguo za marehemu wake.

Nilimwambia mama yule kwamba nitarudi, ingawa sikujua nitarudi na nini.

Shuleni tuna mwalimu wa kompyuta, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Alifungua tovuti kwenye mashine yake akaikagua kipindi kizima cha mapumziko, chai yake ikapoa. Kisha akanieleza. Mtambo wa kutafutia mambo mtandaoni, alisema, haujui nani mkweli. Unachofanya ni kutazama nani anamwelekeza nani. Tovuti ikiheshimika, na ikaweka linki ya kwenda kwa mwingine, mtambo huchukulia kwamba huyo naye amedhaminiwa, unampandisha juu. Kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta tovuti kama ya mume wangu, ya zamani, safi, inayoaminiwa, na kupachika humo linki za wateja wao. "Wananunua heshima ya mtu," akasema. "Ikishachafuka wanaiacha, wanatafuta nyingine."

Tena, hawakuishia ndani. Nje huko tovuti chafu chungu nzima, za lugha asizozijua hata yeye mwalimu, zilikuwa zinaelekeza kwenye tovuti ya mume wangu ili kuzipa nguvu zile kurasa za kamari. Na mtambo ulikuwa umeshastuka. Lazima, alisema, ilani ilikuwa imetumwa kitambo kwenye barua pepe ya mume wangu, ikisema tovuti imeshushwa kwa udanganyifu.

Barua pepe aliyekuwa nayo ni shemeji.

Nilishuka Kimbo Jumamosi. Kibanda chake ni chembamba, simu zilizofunguliwa matumbo zimejaa mezani. Aliponiona alifuta kigoda kwa kiganja. "Shemeji! Karibu, karibu. Mama mzima?"

"Mzima." Sikukaa. Nilimwonyesha ile sentensi ya dawa. "Hii ni nini?"

Aliisoma, na nikaona kwamba hiyo hakuwahi kuiona. Lakini pia nikaona kwamba hakushangaa vya kutosha.

"Waliniandikia barua pepe," akasema. "Walisema wanataka sentensi moja tu, na watalipa. Moja, shemeji. Nikaona ni tangazo, kama vile kampuni inakuja kupaka duka lako rangi yake. Ukuta ni wako, rangi ni yao, kuna ubaya gani?"

"Ukuta hauongei na watu kwa sauti ya kaka yako."

Aliweka bisibisi chini. "Tovuti ilikuwa inazimwa. Notisi ya malipo ilikuja wewe ukiwa eda. Ningekuja kukugongea, umekaa na majonzi yako, nikuambie habari ya malipo? Hiyo pesa yao ndiyo ililipia. Halafu wakasema nisisumbuke kuweka mwenyewe, niwape nywila. Nikawapa." Alitazama nje, kwa watu waliokuwa wakipita. "Zile ilani sikuelewa. Zilikuwa Kizungu kirefu. Nikazifuta."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, na sehemu yake niliyasema. Nilimweleza kibanda kitupu cha Kiandutu. Mteja alikuja kuchukua simu yake, shemeji akamwambia arudi baadaye, bila hata kumtazama. Nilipokuwa napanda gari kurudi Thika hasira yangu ilikuwa imechanganyika na kitu kingine. Bila yeye tovuti ingekuwa imezimika wakati nimejifungia ndani, na makala yote yangepotea. Kwa sababu yake yalikuwa hai, lakini yakidanganya watu. Sikujua lipi ningechagua kama angenigongea mlango.

Jioni ile alikuja mwenyewe Thika, akamweleza mama yake yote mbele yangu. Mama mkwe alisikiliza, tasbihi mkononi imesimama. Kwa imani yetu, elimu aliyoiacha mtu ikiendelea kufaa watu, thawabu zake humfuata kaburini. Mama mkwe alikuwa akijiliwaza na hilo tangu siku ya mazishi. Alipenda kuwaambia wageni kwamba mwanawe bado anafundisha.

"Na hii kamari?" akauliza. "Mtu akicheza kwa kupitia kwake, nayo inamfuata?"

"Hakuiandika yeye, mama," nikasema.

"Lakini jina lake ndilo lililompeleka mtu."

Akasema basi tufute, tufute yote, mwanawe apumzike. Mwalimu wa kompyuta pia alikuwa ameniambia kwamba kufuta kila kitu ndiyo njia rahisi kuliko zote. Nililala nalo hilo wazo, nikaamka nalo, na kwa siku kadhaa nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizuia ni yule mama wa Kiandutu. Alinipigia kuuliza kama anaweza kuanza tena kuku, na kama yale maneno mengine ya mzee, ya banda na ya chanjo, bado ni ya kweli. Nikamwambia ni ya kweli. Nilipokata simu nilimwambia mama mkwe kwamba tutasafisha.

Basi Jumamosi kwa Jumamosi shemeji alikuja na kompyuta, tukakaa kwenye meza ya mama mkwe. Mwalimu mwenzangu wa kompyuta alitubadilishia nywila na kuziba matundu waliyopitia. Zile kurasa zilizofichwa alizifuta kwa mkupuo mmoja. Lakini sentensi zilizopachikwa ndani ya makala zilitaka mtu azisome moja moja, na baadhi hazikuwa na linki yoyote. Walikuwa wameandika upya vipande ili linki zao zikae vizuri. Shemeji akawa ananiuliza, "Hii ni yake?"

Nilijua mara moja. Mume wangu alikulia Ruiru, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ruiru: kuku zangu, mfuko yako, banda yenye iko na jua. Miaka yote ya ndoa nilijaribu kumrekebisha, na yeye akicheka ananiambia kuku hawajawahi kulalamika. Wale wapachikaji waliandika sanifu, laini, ngeli zote zimenyooka. Kila nilipokuta sentensi ambayo ningeipa alama zote darasani, niliifuta. Pale palipokuwa na kosa, niliacha. Siku moja nilisimama nikaenda jikoni, kwa sababu nilikuwa nimefuta aya nzima nzuri na kubakiza mstari mmoja wenye makosa mawili, na mstari ule ulikuwa yeye kabisa, hadi pumzi yake.

Kwa kweli, nilikuwa sijawahi kuyasoma yote alipokuwa hai. Nilikutana naye upya pale mezani. Kuna makala aliyoandika juu ya kuchinja, jinsi ya kumtuliza kuku kwanza, usimkimbize. Mama mkwe aliomba nimsomee hayo mara mbili.

Zile linki za nje hatukuweza kuziondoa, kwa kuwa zilikuwa kwenye tovuti za watu wengine. Unachoweza ni kuziorodhesha na kuwaambia wenye mtambo wa kutafutia kwamba hizi unazikana, huna uhusiano nazo. Tukazikana. Mwalimu mwenzangu aliandika maombi kwa Kiingereza tuangaliwe tena, akaeleza kilichotokea bila kuficha makosa yetu wala kumtupia mtu lawama. Jibu lilichelewa. Lilipokuja, adhabu ilikuwa imeondolewa, lakini mahali petu pa zamani hatukurudishiwa. Ukitafuta leo habari za kideri utakutana kwanza na wale wanaouza ule unga wa kuku, na mume wangu yuko chini sana, ambako watu wengi hawafiki. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimedhani kusafisha kunatosha.

Shemeji alikwenda Kiandutu mwenyewe, bila kunialika, na matetea wawili waliochanjwa kwenye boksi. Alirudi ameinamisha kichwa kidogo. Mama yule aliwapokea, akamkaribisha chai, kisha akamsema kwa muda mrefu kuliko nilivyomsema mimi. "Ameniambia nimevaa uso ya ndugu yangu nikaibia watu," shemeji alinieleza.

Linki chafu bado huja. Mwalimu mwenzangu hutuonyesha mpya kila baada ya muda, nasi tunazikana, na sijui ni nani anayezituma wala kama anajua kwamba aliyeandika yale makala amekufa. Sasa juu ya ukurasa tumeandika kwamba mwenyewe amefariki na kwamba hapa hakiuzwi kitu. Tulibishana na mama mkwe kama picha ya jogoo ibaki. Ilibaki.

Mama wa Kiandutu haendi tena mtandaoni kutafuta. Ananipigia mimi. Nimemwambia mara nyingi kwamba sijui kuku, kwamba mimi ni mwalimu wa lugha tu, naye anasema, "Najua, mwalimu, lakini niulizie." Basi nampigia daktari wa mifugo wa Ruiru, naandika anayoniambia, halafu nampigia tena. Wiki iliyopita ilikuwa tetea anayekula mayai yake mwenyewe. Daktari alicheka, akasema nimwambie amwongezee chokaa kwenye chakula na aokote mayai mapema. Nikampelekea maneno hayo jinsi yalivyo.