Jina Alilonipa Mama Mwenye Nyumba

Nilipowaambia nyumbani Butembo kwamba nimechagua kusomea kazi ya labo, ya kupima damu na mikojo, mjomba alicheka hadi akakohoa. Basi utakuwa daktari wa mikojo, akasema. Hasira zangu huchelewa kufika. Nilisoma, nikapata kazi katika kituo kimoja cha afya huku Goma, nikapanga chumba mtaa wa Ndosho. Ambalo mjomba hakulijua, wala walimu hawakulitaja, ni kwamba kazi hii hukupunguzia watu kidogo kidogo.

Mwanzoni majirani walinifurahia, wakidhani wamepata mtu wao. Kisha wakaanza kuja kupimwa, na kila niliyempima akawa ananisalimu haraka haraka, akiangalia pembeni. Tena kwa malaria tu, au minyoo! Kana kwamba minyoo ni dhambi. Wengine walipanda pikipiki wakavuka mji mzima ili wapimwe mahali wasipojulikana. Akufukuzaye hakwambii toka. Siri ya mtungi muulize kata, watu husema. Lakini sijasikia mtu akiuliza kama hiyo kata ina wa kuongea naye.

Nilibaki na mama mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mwanakwaya mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila jioni aliniita barazani kwake: "Kuya tukule, mutoto yangu." Bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku njema sambaza, vile visamaki vya ziwani. Alinitania kwamba sisi watu wa Butembo hata tukitafuna tunawaza biashara. Bila baraza ile ningekuwa nakula nimesimama, juu ya sufuria.

Kisha mume wake akarudi kutoka machimboni, amekonda hata suruali haikai kiunoni. Mama akaacha kuimba. Nilijua anachokihofia, naye alijua kwamba najua, tukawa tunaongea habari za bei ya sombe.

Asubuhi moja akaingia labo mwanamke aliyejifunika kitenge, macho tu ndiyo yanaonekana. Alitaka kipimo cha sida, yaani UKIMWI. Pale kwetu mtu wa kipimo hicho anaruhusiwa kutoa jina lolote alitakalo, nasi tunaliandika bila kuuliza. Alitoa jina nisilolijua, kwa sauti ndogo iliyobanwa. Halafu akanyoosha mkono, nikaona kovu la kuunguzwa na makala ya jikoni, chini ya kiwiko. Mkono ule ulikuwa umenipakulia chakula jana yake.

Niliandika jina alilonipa. Nikamfunga mpira, nikatafuta mshipa, nikachoma.

"Pole, mama," nikasema, kama ninavyomwambia kila mtu. Alifumba macho. Nikajaza mrija, nikabandika jina lile. Walimu wangu walinifundisha vizuri mno.

Kipimo kilitoka safi. Nilikirudia, kikatoka safi tena. Nilitamani kutoka mbio nikampigie vigelegele pale kwenye benchi la wagonjwa. Lakini jibu ni la daktari kulitoa, si langu. Nikafunga bahasha, nikaita mgonjwa mwingine. Nilifurahi peke yangu katikati ya mirija ya damu, na sijui furaha nyingine iliyowahi kunichosha vile.

Jioni hiyo mama alikaanga sambaza tele. Sauti yake ilikuwa imerudi, niliisikia tangu barabarani. Aliniita, tukala, akanitania kama zamani. Tulipokaribia kumaliza, akaliweka tonge chini, akanitazama usoni.

"Mutoto yangu, leo asubuhi kule kwa labo... ulinijua?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Tulilifanyia mazoezi shuleni mpaka likawa linatoka lenyewe.

"Kwa labo? Sikukuona, mama."

Nilidhani namsitiri. Alisubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na anasikia kabisa kwamba ndani kuna watu. Nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Kwa swali lile alikuwa ameondoa kitenge usoni kwa hiari yake. Alitaka mtu wa kumshukuru Mungu pamoja naye, na katika kiwanja kizima aliyeijua siri hiyo alikuwa mimi tu.

"Aya," akasema. "Haina neno."

Akakusanya sahani, yangu ikiwa bado na samaki, akaingia ndani.

Hajanifukuza. Kila asubuhi tunakutana kwenye bomba la maji, naye hunisalimu: "Bonjour, madame." Haraka haraka, akiangalia pembeni.