Sauti ya Mama Ilipouzwa Pamoja na Studio

Studio ambamo mama aliigizia filamu zake imeuzwa mara mbili, na mara zote mbili nilizipata habari sokoni, kutoka kwa watu wasiohusika. Mwenye mali akiuza kimyakimya, mimi najua kuna jambo. Majirani zangu wa Kashai, mtaa wa mjini ninakopanga, hunitania kwamba hata salamu naigeuzageuza kwanza kabla ya kuiitikia. Ni kweli, na sioni aibu.

Mwanzilishi wa studio alikuwa mpiga picha wa harusi pale Miembeni. Alikuja siku moja kurekodi kwaya ya usharika wetu Muleba, akamkuta mama anamkaripia fundi aliyekanyaga nyaya za vipaza sauti. Akasema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta. Wiki hiyohiyo akaja nyumbani, akakaa na wazazi wangu, wakatafuna punje za kahawa pamoja mbele ya majirani, na makubaliano yakawa yamekamilika. Kwa Wahaya, mtu mliyetafuna naye kahawa hadaiwi karatasi. Mama akawa mama mkwe mkorofi katika filamu kadhaa za Kihaya, na huko sokoni wasichana wakawa wanampisha njia.

Alipofariki, na macho ya baba yakazima miaka michache baadaye, filamu zile zikawa si filamu tena kwetu. Kila Jumapili nikienda Muleba namkuta baba amekwisha kaa kitini, kofia magotini. Naweka diski ya filamu, yeye anasikiliza. Alikuwa haulizi hadithi imefika wapi, anachotaka ni mkewe aongee.

Ndiyo maana niliposikia studio imeuzwa kwa mchuuzi wa mabondo wa kisiwani Goziba, usingizi ulinipotea. Mtu anayenunua mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa sangara, na kuyasafirisha, filamu za Kihaya za nini? Kihaya chenyewe hakijui. Mwanzilishi aliniambia mgongo umemchosha, hawezi tena kubeba kamera, na yule bwana amechukua kila kitu, kompyuta na filamu zote, akaanzishe banda la video kwa wavuvi. Nikamwambia vizuri. Moyoni nikasema huyu ana lake, tutaliona.

Sikuliona. Miaka ikapita, mama akaendelea kugomba kila Jumapili kama kawaida, nami nikaendelea kusubiri ubaya wa yule bwana.

Ubaya ulitoka kwingine. Kampuni moja kutoka Dar es Salaam ilinunua kwake jina la studio na filamu zake, ikaziweka mtandaoni. Diski zetu zilikuwa zimechakaa hata hazisomi tena, nikafurahi, mjinga mimi, kwamba sasa picha ni safi. Jumapili hiyo nikaunganisha simu na spika. Mama akatokea mlangoni, mkono kiunoni, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya binti mdogo, Kiswahili cha Pwani, laini kama sabuni.

Baba akainua mkono.

"Ni nani huyo anayesema kinywani mwa mke wangu?"

Nilimweleza. Akanituma. "Kibanja cha ukoo kikiuzwa kwa mgeni, ndugu wana haki ya kukikomboa. Na hata kisipokombolewa, makaburi hayauzwi. Nenda ukawaambie hivyo."

Nikaenda. Kampuni ilikuwa imepanga chumba Miembeni, na humo alikaa kijana nadhifu aliyeniamkia vizuri na kuniletea soda. Sikuifungua. Nikamweleza habari ya kibanja, ya makaburi, na ya kahawa iliyotafunwa.

"Mama yangu, filamu si shamba la migomba," akasema. "Kihaya watazamaji hawakielewi, ndiyo tukabadilisha sauti."

"Sauti ya kwanza iko wapi?"

"Tuliifuta."

Alijibu upesi mno, macho kwenye simu. Nikakaa palepale, sikunyanyuka. Mtu akikuchoka husema ukweli ili uondoke, na yeye alinichoka. "Zilizokamilika zimefutwa kweli, mama. Zilibaki takataka za kurekodia, vipande vilivyokosewa. Hizo tulimwachia yule wa kisiwani."

Basi nikapanda boti kwenda Goziba, nimeshika ubao kwa mikono miwili, namshuku nahodha, naishuku injini, na zaidi ya wote namshuku ninayemwendea. Mchuuzi alinipokea gatini huku anacheka. Alisema nimefanana na mama mkwe mpaka vijana wake wameogopa.

Ilikuwa mchana, wavuvi wamepumzika, banda limejaa. Alinikalisha mbele akawasha. Kumbe hizo takataka ndizo walizozipenda! Mama anasahau maneno. Mama anaingia kwa hasira, kuku anapita, anaanza upya. Wanaume wazima, wengine wametoka ng'ambo ya ziwa, hawajui neno la Kihaya, wanapiga mapaja kwa kicheko. Nilitaka kuing'oa ile televisheni. Mama yangu ni wa kuchekwa na watu wanaonuka dagaa?

Kisha mama akanyamaza katikati ya maneno yake. Akaiacha ile sura ya ukorofi, akatazama pembeni ya kamera, akasema kitu kwa upole. Banda zima lilicheka, maana hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikatoka nje.

Mchuuzi alinifuata. Nikamuuliza kwa nini hakuvifuta vipande vile.

"Kufuta sijui," akasema. "Na vijana wanavipenda kuliko filamu."

Akaniwekea vyote kwenye flashi, akakataa hata asante. Mpaka leo sijui alitaka nini. Vya bure ghali, nami bado nasubiri.

Jumapili nilimwekea baba. Alisikia mkewe akisahau maneno, akatabasamu. Alisikia kuku. Halafu mama akanyamaza, akauliza kwa Kihaya, kwa neno la heshima na ile sauti ya nyumbani ambayo haimo katika filamu hata moja: "Waitu, umekula?"

Na nyuma ya kamera mwanaume akajibu, "Nimekula, endelea." Alikuwa baba. Hakuwahi kukubali mkewe abaki peke yake na watu wa picha, kwa hiyo alikuwa akishinda pale tangu asubuhi, amesimama.

Kitini pake, baba akatikisa kichwa.

"Mwongo huyo," akasema. "Alikuwa na njaa."

Akajifuta uso kwa kofia, akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Safari hii mama alipouliza, baba aliwahi kujibu kabla ya yule mwingine.

"Bado," akasema.