Dereva Aliyeisalimia Pikapu Tupu

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijatoka, na Noeleen Pascoe anamwagia maji ya uvuguvugu kioo cha mbele cha gari ili barafu iyeyuke. Anafuta, anakung'uta mikono, anauendea mlango wa kulia. Vidole vimeshagusa kitasa ndipo anapokumbuka. Anazunguka gari taratibu, anapanda kushoto, anafunga mkanda.

"Kila siku nakwenda upande ule," anasema. "Miguu bado haijaambiwa."

Noeleen, mwenye umri wa miaka 63, ameliendesha gari la zahanati ya Wandilga kwa miaka kumi na tisa, akiwapeleka hospitali watu ambao hawana gari au hawana tena leseni. Siku hizi anakaa kiti cha abiria. Usukani umeshikwa na Trevor Noonan, mkulima wa ngano mwenye shingo nyekundu na mdomo usiojua likizo.

Wandilga, kijiji cha wakulima wa ngano, kina watu mia nne na ushee, na zaidi ya nusu wamevuka miaka sitini. Basi liliacha kuja zamani. Treni ipo, ila hubeba ngano tu. Mkate uko kilomita arobaini, hospitali kubwa iko tisini na tano. Kijana akipata leseni amepata njia ya kuondokea. Mzee akinyang'anywa yake, hubaki dirishani akiitazama barabara.

Kwa hiyo watu hapa hujuana kwa magari kabla ya sura. Mkipishana, dereva huinua kidole cha shahada juu ya usukani, na salamu imekwisha. Abiria hasalimii, salamu ni ya mwenye usukani. Na dereva asiyeinua kidole ataulizwa kwenye baa amekasirikia nini.

Miaka miwili iliyopita Noeleen alianza kuulizwa. Magari yalimjia yamefunikwa ukungu, na alipomtambua mtu, mtu mwenyewe ameshapita.

"Wakasema najiona," anakumbuka. "Nikaona isiwe taabu. Nikawa nakiinulia kidole kila kinachotokea mbele yangu."

Wa kwanza kugundua alikuwa Lindsay Gell, mzee wa miaka 84 ambaye damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki, maana figo zake zimegoma. Hakumwambia mtu. Alihamia kiti cha mbele akawa macho ya dereva: kangaruu kushoto, lori linakuja, punguza mwendo.

"Ningesema, nani angenipeleka?" anauliza mzee kutoka kiti cha nyuma, blanketi magotini. "Nikikosa wiki moja tu, mnaniandalia chai ya mazishi."

"Na ulijua kwamba najua unajua," Noeleen anamwambia bila kugeuka.

"Nilijua, mama. Tulikuwa vichaa wawili ndani ya gari moja."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha Noeleen kilitanguliwa na kicheko. Trevor alikuwa ameegesha pikapu yake kuukuu kando ya barabara, karibu na maghala ya ngano, na kibao cha kuiuza kwenye kioo. Wiki hiyo alikuwa akitengeneza ua wa shamba lake jirani na hapo, akaona kila kitu. Ijumaa, baa ikiwa imejaa, akapaza sauti.

"Jamani, Noeleen kaipenda pikapu yangu! Kila akipita anaisalimia, na haina hata dereva! Vipi bibie, nikufungie na utepe?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Noeleen naye akacheka, tena kuwashinda. Kisha akaenda chooni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia.

"Sikulia kwa kuchekwa," anasema. "Nililia kwa sababu ile pikapu niliikumbuka. Nilimwona mtu ndani. Nilimwona kabisa, amevaa kofia. Sasa kama namwona asiyekuwepo, aliyepo nampitaje?"

Wiki iliyofuata akapimwa. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Watoto wake aliowazaa wamehamia mijini siku nyingi. Aliyebaki naye nyumbani ni huyo tu. Leseni ilisimamishwa, akamkabidhi muuguzi wa zahanati funguo, akarudi kwa miguu, na njiani kila gari lililopita lilisimama kumuuliza lake limeharibikia wapi. Kila mara alijibu kwamba gari ni zima.

Trevor alizifuata funguo zile mwenyewe. "Mimi ndiye niliyefungua mdomo," anasema, macho barabarani. "Mzee akitufia nitauweka wapi uso wangu?" Lindsay alimkubali kwa sharti kwamba Noeleen aje naye, kwa sababu, anasema, Trevor huendesha gari kama anayelima.

Lakini Trevor ni wa kuazima. Mwezi wa kumi na moja ngano itakuwa tayari, naye ataingia kwenye mashine ya kuvunia na hatatoka hadi shamba liishe. Dereva mwingine ametafutwa, hajapatikana. Kuhusu upasuaji, Noeleen ameambiwa foleni ni ndefu: huenda mwezi wa kumi, huenda mwakani. Simu ikilia huacha hata sufuria jikoni akaikimbilia, na mara nyingi ni mtu anauza bima.

"Nilikuwa nimechoka kuendesha," anasema. "Mgongo, magoti, barabara ile ile. Nilikuwa naomba nipumzike. Haya, nimepumzika. Sijawahi kuchoka namna hii."

Mpango wake ni mfupi. Jicho moja litibiwe kabla ya mavuno, apimwe upya, arudishiwe leseni, amchukue Lindsay. "Halafu likitokea gari, kabla sijainua kidole, nataka nijue namsalimia nani."

Nyuma Lindsay anajifanya amelala. Barabara imenyooka, na mbele taa za gari zinakuja. Trevor anainua kidole. Juu ya goti la Noeleen, kidole kingine kinainuka.

"Abiria hasalimii," mzee anamkumbusha, macho yamefumbwa.

"Najua, Lindsay. Nafanya mazoezi."