Mashina Manane ya Waridi

Mama alipokwenda Lamu kumuuguza dada yake aliyepasuliwa jicho, aliniachia mashina manane ya waridi darini, juu ya nyumba, pamoja na maagizo ya kurasa mbili. Hakuyaandika yeye. Alimwandikisha binti yangu, mwenyewe akizunguka jikoni na kutaja moja baada ya jingine. Binti yangu, ambaye kazi za shule humtoka kwa kuvutwa, aliandika zote mbili bila kunung'unika. Maji matamu, asubuhi, kabla jua halijakaza. Majani yasirowe. Vidudu vyeupe vitolewe kwa mkono, visipigwe dawa. Ua likichoka likatwe, lisiachwe likaning'inia. Na mtu asije akayasogeza makopo kwa sababu yoyote ile.

"Ni wiki tatu tu," mama alisema akiwa mlangoni, buibui keshavaa na mkoba uko begani.

Nilitaka kumwambia kwamba katika wiki zote za mwaka alikuwa amechagua tatu ambazo sikuwa na nafasi hata ya kuchana nywele. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ganjoni. Muhula wa tatu ulikuwa unakwisha, nina watoto hamsini na wawili darasani, na kila mmoja alihitaji ripoti ambayo siku hizi hujazwa kwenye mtandao. Mtandao wenyewe, walimu wote nchini wanapoufungua kwa pamoja, huganda. Na binti yangu alikuwa anamaliza gredi ya tisa katika shule nyingine. Mitihani ilikuwa imekwisha, lakini shule haikumwachilia. Walitakiwa kila siku kwenda kufanya mazoezi ya nyimbo za kuagana. Kikundi cha wazazi kwenye simu kilikuwa kinalia tangu alfajiri: fulana za rangi moja, keki, zawadi za walimu, wazazi wa kike wavae rangi ya samawati, hapana, imebadilishwa, wavae kijani.

Lakini aliyekuwa anakwenda ni mama yangu, na anakwenda kwa mgonjwa. Nikasema, "Safari njema, mama. Mpe khalati salamu."

Yale mawaridi hayakuwa ya kuchezea, nami nalijua hilo. Mtaani petu hakutolewi bi harusi bila mtu kupanda ngazi zetu kuja kuomba maua. Mama humpa kila anayekuja, akayachuma mwenyewe kwa mkasi wake, akayafunga pamoja na asumini na rihani. Shina moja lilikuwa la waridi la zamani, la rangi ya pinki iliyopauka, lenye harufu inayofika mpaka ngazini. Tawi lake alikuja nalo kutoka kwao Lamu alipoolewa, na amehama nalo nyumba tatu. Mengine saba aliyapata huku na huku.

Taabu yake ni maji. Nyumba yetu ni ya zamani, ya orofa tatu, na maji ya bomba huja siku yanapotaka. Maji matamu huletwa kwa mkokoteni, katika mitungi, nayo mitungi huishia mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka darini ni ngazi hamsini na saba, na zile za mwisho ni nyembamba kiasi kwamba mtu hupanda ubavuubavu. Kwa hiyo kila alfajiri, baada ya kuswali, nalipanda na mtungi, nikanywesha mashina manane, nikaondoa vidudu kwa vidole, nikashuka kuoga, nikatoka mbio kwenda kazini na kucha zimejaa udongo.

Saa moja kamili mama alikuwa anapiga simu.

"Ushayatia maji?"

"Nishayatia."

"Lile la pembeni lina matumba mangapi?"

"Mama, sikuyahesabu."

"Basi panda ukayahesabu, nitangoja."

Napanda. Nahesabu. Nashuka. Siku ya nne akajifunza kupiga simu za video kwa mpwa wake, na tangu hapo ilikuwa lazima ayaone kwa macho. Namzungushia simu juu ya makopo huku naye ananiamuru: sogea, inama, hilo si hilo, nimesema lile lenye kopo la rangi nyeupe. Simu ikikatwa, sijapata kuulizwa kama nimelala, kama nimekula, kama ripoti zimekwisha.

Mume wangu anafanya kazi bandarini, kwa zamu. Ni mtu mwema ambaye hawezi kuona mwenziwe anateseka bila kufikiria mtambo. Siku ya nane nilirudi kazini nikamkuta ua wa chini, jasho linamtiririka, akifunga pampu ndogo juu ya kisima. Mpira wa maji ulikuwa umepandishwa ukutani, ukapita dirisha la jikoni na kuishia darini.

"Kuanzia leo hubebi mtungi," aliniambia. "Unafungua swichi, unakunywa chai yako, waridi zinajinywea."

Sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi nikakaribia kulia. Nilipanda nikaona maji yanatoka kwenye mpira kwa nguvu, nikamshukuru mbele ya binti yetu, nikampikia biriani siku ya kazi. Kwa siku tano nilikunywa chai yangu nimekaa kitini kama watu wengine.

Kisima chetu ni cha maji ya chumvi. Sote twajua. Tunafulia matambara na kuoshea sakafu ya ua kwa maji yale, na sabuni haitoi povu. Hata mtoto mdogo wa nyumba ile angeulizwa kama maji ya kisima yanafaa kwa maua angejibu. Ila hakuna aliyeulizwa, na mimi niliyeandikiwa kurasa mbili zinazoanza na neno maji matamu, nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kujua.

Siku ya sita ya pampu kingo za majani zilikuwa zimegeuka kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Siku ya saba matumba yakainama kabla ya kufunguka. Nikamwita mume wangu. Alisimama akayatazama, akashika jani moja, likamvunjikia mkononi.

"Labda ni jua," alisema.

"Ni jua?"

"Joto la mwaka huu si la kawaida."

"Ni chumvi," nilimwambia. "Na wewe wajua ni chumvi."

Akalitupa lile jani. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo huwa nikilikumbuka nachemka: "Lakini wewe ndiye uliyekuwa unafungua swichi."

Tuligombana pale juu, kwa sauti za chini ili jirani wa dari ya pili asisikie, naye alikuwa anaanika nguo zake pole pole kuliko ilivyohitajika. Mwisho wa ugomvi tukakubaliana jambo la aibu kwa watu wa umri wetu: mama asiambiwe. Shina moja, lililokuwa mbali na mpira, lilikuwa bado lina uhai upande mmoja. Tungemwonyesha lile. Asubuhi tatu mfululizo binti yangu alishika simu nami nikielekeza kwa mkono, huku, huku, usiende kule. Mama akiuliza lile la zamani, nasema mtandao mbaya, simu inakatika.

Asubuhi ya nne nalikuwa nimeamka saa tisa kujaza ripoti wakati mtandao ni mwepesi, nikajaza kumi na nne, zikafutika zote. Nilipopanda darini saa moja nilikuwa sisemi na mtu. Mama akapiga. Binti yangu akaishika simu, akamwonyesha bibi yake lile shina moja. Nikamsikia mama anasema, "Nawe mjukuu wangu, maua ya kuvaa siku yako ya kumaliza umechagua yapi?"

Binti yangu alinitazama. Kisha akageuza simu na kuipitisha taratibu juu ya mashina yote, moja moja, mpaka lile la Lamu, ambalo halikuwa na jani.

"Yamekufa, bibi," alisema. "Mimi nimechoka kusema uongo."

Nilidhani kweli simu imekatika. Kisha mama akauliza, bila kupandisha sauti, "Mulitia maji gani?"

Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlango wa ngazi, alishuka chini.

"Ya kisima," nikasema. Na hapo, badala ya kuomba radhi, nikapasuka. Nilimwambia nimepanda ngazi zile siku nane na mtungi begani. Nilimwambia kuhusu ripoti kumi na nne. Nikamwambia, "Mama, siku zote hizi waniuliza habari za waridi. Hujaniuliza hata siku moja habari yangu mimi."

"Wewe nakusikia sauti," alisema. "Kila asubuhi nakusikia. Najua umelala au hukulala. Hayo hayana sauti, lazima niyaulizie."

Jibu lile lilinikera zaidi. Mtu hutaka hasira yake imfikishe mahali. Ya kwangu ilinifikisha kwenye kopo tupu la rangi, nikakaa juu yake nikapangusa pua kwa ncha ya leso.

Mama hakungoja nimalize. Akaanza kuamuru. Udongo uoshwe kwa maji matamu, yamwagwe mengi mpaka yatoke chini ya kopo, ungoje, umwage tena, mara tatu. Yaliyoungua yakatwe. Kisha kila kopo lisukumwe kwenye kivuli cha ukuta.

"Ulisema yasisogezwe," binti yangu akamkumbusha.

"Sasa nasema yasogezwe."

Jioni ile tulipandisha mitungi kumi na mmoja, watu watatu, kwa zamu. Mume wangu alibeba mingi kuliko sisi na hakusema lolote kuhusu joto la mwaka. Kikundi cha wazazi kiliendelea kulia mfukoni mwangu: kijani kimeondolewa, sasa kila mtu avae apendavyo ila si nyeupe. Nalikuwa nishanunua kitambaa cha kijani, na fundi alikuwa keshakikata.

Mama alirudi siku moja kabla ya sherehe. Alipanda ngazi zote hamsini na saba bila kuvua buibui wala kunywa maji, nasi nyuma yake kama watoto waliovunja sahani. Alitembea kutoka kopo hadi kopo akikwangua magamba ya mashina kwa ukucha. Mashina matatu yalikuwa na kijani chini ya gamba. Manne yalikuwa makavu kabisa. Alipofika kwenye la Lamu alikwangua chini, kisha juu, kisha chini tena karibu na udongo. Akaufuta ule ukucha kwenye buibui lake.

"Hili limekwenda," alisema.

Mume wangu akasema, "Mama, nisamehe. Nalitaka kumpunguzia mzigo."

"Najua ulitaka nini," mama alimjibu. "Lakini hukuuliza." Kisha akasema ana njaa.

Sherehe ilianza saa mbili baada ya wakati wake. Tulikaa chini ya turubai uwanjani, mimi na nguo yangu ya kijani peke yangu katika umati wote, mama pembeni yangu akijipepea kwa karatasi ya ratiba. Palikuwa na hotuba sita, na kila mzungumzaji alianza kwa kusema hatasema mengi. Binti yangu, aliyekuwa akituambia mwaka mzima kwamba anaihesabu siku ya kuiacha shule ile, alipanda jukwaani akapokea cheti chake, akashuka, akafika kwenye mstari wa wenziwe na kuanza kulia. Si machozi ya kupangusa. Alilia mabega yanatikisika, amemshika rafiki yake shingoni, na wenziwe wakaanza mmoja mmoja mpaka mstari mzima ukawa unalia na mwalimu wa nyimbo amesimama mikono imeinuliwa hana wa kumwimbia.

Hakuwa na ua hata moja. Wasichana wengine walikuwa na mashada ya dukani, yamefungwa kwa karatasi ya nailoni. Nilitaka kumwendea, lakini mama alinishika mkono. "Mwache," alisema. "Ana haki." Tukakaa tukamtazama. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeishughulikia siku ile kama kazi ya kumalizwa, na haikunijia hata mara moja kwamba mtoto alikuwa anaachana na watu.

Tulipofika nyumbani mama alileta mkoba wake wa safari, ambao hakuufungua tangu jana. Ndani, chini ya nguo, palikuwa na kitambaa chenye maji kilichozungushiwa karatasi ya plastiki, na ndani ya kitambaa vipande vya matawi, kila kimoja urefu wa penseli. Alikuwa ameyakata kwenye ua wa dadake, kwenye shina lile lile alilokata tawi la kwanza alipoolewa. Alikwenda kuyakata siku ile ile ya simu, khalati akimuuliza kulikoni.

Nilihesabu. Yalikuwa kumi na tisa.

"Mama," nilisema, "kumi na tisa?"

"Yote hayashiki," alisema. "Mengine hufa tu. Niletee yale makopo matano, na mwambie mumeo anitafutie mengine."

Binti yangu, macho bado yamevimba, alikuwa keshakaa sakafuni na kuanza kuyapanga kwa urefu. Mimi nilikwenda chumbani kufungua kompyuta. Zilikuwa zimebaki ripoti tisa, na mtandao, kwa mara ya kwanza mwezi ule, ulikuwa unafanya kazi.