Kiitikio Alichokizuia Doreen Oldroyd

Doreen Oldroyd hajawahi kuongoza hata wimbo mmoja kwenye baa yetu, na bado ndiye anayeogopwa na waimbaji wote. Tangu astaafu kazi ya kiwanda cha sufu, kila Jumanne, usiku wetu wa nyimbo, hukaa karibu na moto na bia yake nyeusi, macho ameyafumba, anasikiliza. Mwimbaji akifika kwenye kiitikio, Doreen ndiye huanza, nasi wote humfuata. Asipoanza, hakuna anayethubutu.

Desturi yetu nyingine ni kwamba kabla ya kuimba unamtaja aliyekupa wimbo. Hata kama ni shangazi yako mlevi, unamtaja.

Dada yake Doreen, Mavis, alikuwa na wimbo wa mfumaji aliyeachwa na mchumba, aliourithi kwa bibi yao. Giles Marchbank, kijana wa London mwenye gitaa la bei mbaya, aliusikia hapa akamwomba amfundishe. Alikaa jikoni kwa Mavis, akanywa chai yake, akala keki yake. Baadaye wimbo ukatoka kwenye santuri, na mtunzi ameandikwa Giles Marchbank. Mavis alisikiliza redio akingoja atajwe, mpaka akafa. Mazishini Doreen hakulia.

"Atarudi," aliniambia. "Watu kama yule hurudi kupigiwa makofi."

Akarudi kweli, mvi zimeanza, shati la kitani. Akasimama katikati yetu na gitaa lake.

"Huu wimbo wangu mnaujua," akasema. "Nisaidieni kiitikio."

Aliimba vizuri, inaniuma kukiri. Alipofika kwenye kiitikio akatuinamia, anangoja. Doreen akanywa bia yake. Hakuna aliyefungua mdomo. Marchbank akajiitikia mwenyewe. Ubeti wa pili ukawa vilevile. Roho yangu ilisuuzika, sifichi.

"Jamani, mmelala?"

"Tuko macho, mwanangu," Doreen akasema. "Ila hujatuambia nani alikupa."

"Nimeutunga mwenyewe, mama."

"Na ile keki, ulijipikia mwenyewe?"

Watu wakacheka. Marchbank akawa mwekundu uso mzima, akaangalia mlango, lakini mlangoni kulijaa watu na hakuna aliyesogea.

"Mavis Oldroyd," akanong'ona.

"Waliokaa nyuma hawajasikia."

"Mavis Oldroyd. Wimbo ni wake. Mimi niliuchukua."

"Haya. Anza upya."

Akaanza upya. Tulidhani yameisha. Kiitikio kilipokaribia tukamgeukia Doreen, na mimi nilishavuta pumzi. Midomo yake ilicheza kidogo, maana hakuna wimbo aliowahi kuupenda kama ule, na tangu Mavis afe hakuwa amempata mtu mwingine wa kumwimbia wimbo huo. Halafu akaibana midomo, machozi yanamtiririka, akamwacha Marchbank aimbe peke yake mpaka mwisho, kama Mavis alivyongoja peke yake mpaka mwisho.